Kufika JKIA na kutoka: mwongozo kwa msafiri, msindikizaji na mpokeaji

Mwambie dereva wa teksi wa Nairobi akupeleke eapoti, atakuuliza maswali mawili kabla hajawasha gari. La kwanza: Wilson ama JKIA? La pili: terminali gani? Hili la pili ndilo linalowakwamisha wengi. JKIA, yaani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, hauna mlango mmoja. Una majengo kadhaa, yaliyojengwa nyakati tofauti kwa sababu tofauti, na msafiri akishushwa kwenye jengo lisilo lake, masanduku mawili mkononi na muda umebana, hupata taabu ambayo angeiepuka kwa kusoma tiketi yake jana yake.

Mwongozo huu nimewaandikia anayepanda ndege kwa mara ya kwanza, anayemsindikiza mtu wake, na yule atakayesimama nje akimsubiri ndugu anayerudi. Nitaanza na historia, kwa sababu bila hiyo ramani ya uwanja haieleweki.

Uwanja ulivyokua

Zamani ndege za abiria zilitua Eastleigh, mahali ambapo leo ni kambi ya jeshi la anga. Ndege zilipozidi kuwa kubwa, serikali ya kikoloni iliamua kujenga uwanja mpya kwenye tambarare za Embakasi, kusini-mashariki mwa jiji. Kazi nyingi ya mikono ilifanywa na watu waliofungwa na kuwekwa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau. Ndio waliochimba na kusawazisha ardhi ile huku wakilindwa na askari wenye bunduki. Uwanja ulifunguliwa tarehe 9 Machi 1958. Mama yake Malkia Elizabeth wa Uingereza ndiye aliyetarajiwa kuufungua, lakini alicheleweshwa Australia, na Gavana Evelyn Baring akaifanya shughuli hiyo. Natamani wazazi wanaowapeleka watoto wao kupanda ndege wawasimulie njiani habari za wale wafungwa, maana njia ya kurukia ilianza na jasho lao.

Jengo hilo la kwanza liko upande wa kaskazini wa njia ya kurukia ndege, na abiria wa kawaida hafiki huko. Jengo analolijua abiria wa leo liko upande wa pili. Lilifunguliwa Machi 1978 na Mzee Jomo Kenyatta mwenyewe. Alifariki tarehe 22 Agosti mwaka huohuo, na uwanja ukapewa jina lake. Hili ndilo lile jengo lililopinda, lenye maegesho ya magari katikati na barabara inayolizunguka. Lilikusudiwa abiria wapatao milioni 2.5 kwa mwaka, na miaka thelathini baadaye idadi hiyo ilikuwa imepitwa mara mbili.

Kisha moto ukaja. Alfajiri ya tarehe 7 Agosti 2013, ukumbi wa kuwapokea wageni wa kimataifa uliteketea wote. Hakuna aliyekufa, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini ndege zilielekezwa Mombasa na kwingineko. Kwa muda wageni walihudumiwa kwenye mahema, na baadaye sakafu ya chini ya jengo la maegesho ikageuzwa kuwa ukumbi wa kupokelea. Mwaka 2014 ilianza kutumika Terminali 1A, ambayo ujenzi wake ulikuwa unaendelea moto ulipotokea. Mwaka 2015 ikafunguliwa Terminali 2, iliyojengwa haraka kwa vipande vilivyotengenezwa tayari ili kupunguza msongamano.

Kulikuwa na ndoto ya jengo moja kubwa la kubeba kila kitu, lile la Greenfield. Kazi yake ilizinduliwa mwaka 2014 na kufutwa 2016. Halafu 2024 ukaja mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani ya India uendeshaji wa uwanja. Wafanyakazi waligoma mwezi wa Septemba, abiria wakakwama, na Novemba Rais William Ruto akaufuta mpango huo. Kwa hiyo tunachotumia leo ni kama kanzu ya zamani iliyotiwa viraka: inavalika vizuri kabisa, mradi ujue mkono unaingilia wapi.

Hatua ya 1: Soma tiketi, kisha uisome tena

Tafuta vitu viwili, terminali na saa.

Majengo ya Terminali 1 yanaitwa kwa herufi, kuanzia 1A hadi 1E, na Terminali 2 imejitenga kidogo. Kenya Airways na washirika wake kama KLM hutumia 1A kwa safari za nje ya nchi. 1B na 1C zina mashirika mengine ya kimataifa. 1D ni ya safari za ndani ya nchi: Mombasa, Kisumu, Eldoret, Malindi na kwingineko. 1E ni ya kuwasili. Mashirika huhamishwa kutoka jengo moja hadi jingine mara kwa mara, kwa hivyo usitegemee kumbukumbu ya aliyesafiri mwaka jana. Angalia tiketi, na kama haijaandikwa, lipigie simu shirika lenyewe siku moja kabla.

Kuhusu saa, hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu nimeona watu wazima wakilia mbele ya kaunta. Ndege nyingi za masafa marefu huondoka Nairobi usiku wa manane. Tiketi ikisema 00:30 tarehe 15, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 15. Unatoka nyumbani jioni ya tarehe 14. Anayefika jioni ya tarehe 15 akiwa amevaa suti na familia nzima nyuma yake ataambiwa ndege yake iliondoka usiku wa kuamkia leo. Mwandikie mama au baba anayesafiri kwenye karatasi, kwa saa zetu na kwa jina la siku: "Gari linatuchukua Jumatatu, saa moja jioni." Usimwachie tarakimu pekee.

Hatua ya 2: Hati na mzigo

Kwa safari ya ndani, kitambulisho cha taifa kinatosha. Mkenya anaweza pia kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho hichohicho, utaratibu ulioanza mwaka 2014. Tanzania hairuhusu hivyo, lazima hati ya kusafiria. Kwa nchi nyingi utaombwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu 2016 chanjo moja hutambuliwa maisha yote, kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba kadi yako ya zamani imeisha muda. Ila chanjo yenyewe huhesabiwa kuwa imeanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa, na anayeikumbuka usiku wa safari amechelewa.

Kwenye mkoba wa mkononi, kila kimiminika kiwe kwenye chupa isiyozidi mililita 100. Pawabenki ikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe isiingie kwenye sanduku la kupakiwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hivyo anayekuja kututembelea aiache kwao.

Chakula ni habari ndefu, kwa sababu hakuna mama wa Kikenya anayemwacha mtoto aende ughaibuni mikono mitupu. Unga wa ugali na majani chai kwa kawaida havina shida. Nyama, hata iliyokaushwa, na maziwa haviruhusiwi kuingizwa na msafiri anayetoka kwetu kwenda Umoja wa Ulaya. Miraa ni haramu Marekani, na Uholanzi na Uingereza ziliipiga marufuku mwaka 2013 na 2014. Ukiombwa na jirani umpelekee mtu wake "kifurushi kidogo tu," kifungue mbele yake. Asipotaka kifunguliwe, kiache hapohapo sebuleni. Dawa zenye kodeini au tramadoli zinaweza kukutia matatani makubwa katika nchi za Ghuba, kwa hivyo beba barua ya daktari na uulize ubalozi kabla.

Na kwa dada na kaka wanaokwenda Ghuba kufanya kazi: hakikisha wakala wako amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mwachie mtu wa nyumbani nakala ya mkataba, nakala ya pasipoti, na jina kamili la mwajiri. Ifanye kazi hii nyumbani kwa utulivu, kwa sababu langoni hutapata nafasi.

Hatua ya 3: Chagua njia

Kutoka katikati ya jiji hadi uwanjani ni chini ya kilomita 20. Zinaweza kuwa dakika ishirini, zinaweza kuwa saa mbili, kutegemea siku, saa na mvua.

Njia ya kawaida ni Uhuru Highway, Nyayo Stadium, kisha Barabara ya Mombasa ukipita Bellevue na General Motors hadi unapokunja kuingia barabara ya uwanja. Ijumaa jioni, mwisho wa mwezi, na hasa mvua ikinyesha, njia hii husimama kabisa. Kwa hali hiyo, barabara ya juu ni pesa iliyotumika vizuri. Nairobi Expressway ilifunguliwa kwa magari mwezi wa Mei 2022. Ina urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, na ina kituo chake cha kutokea cha JKIA. Unalipa kulingana na ulikoingilia na ukubwa wa gari, kwa pesa taslimu au kwa kadi. Mwambie dereva mapema kwamba unataka kupita juu na kwamba ada utailipa wewe, ili msije mkabishana mkiwa tayari mmeshikwa na foleni. Pikipiki na tuktuk haziruhusiwi huko juu.

Anayetoka Karen, Lang'ata au Kikuyu atumie Southern Bypass, inayopita kando ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi na kuingia Barabara ya Mombasa. Anayetoka Ruiru, Kamulu au Utawala ashike Eastern Bypass. Watu wa Donholm, Umoja na Buruburu wana Outer Ring Road, ambayo tangu ipanuliwe imewaokoa na safari ya kuingia mjini bila sababu.

Matatu je? Inawezekana, na ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote. Namba ya kukumbuka ni 34, ambayo watu wa mjini wameizoea upande wa Ambassadeur, Moi Avenue. Lakini si kila 34 inaingia uwanjani, nyingine huishia Embakasi. Kabla hujaweka mguu ndani uliza: "Kondaa, unaingia eapoti ama unaishia Embakasi?" Akisema "twende tu, utashukia karibu," usipande. Kwa mzigo mkubwa utatozwa nafasi ya pili. Mimi matatu ningeipendekeza kwa mfanyakazi wa uwanjani, kwa anayempokea mtu, au kwa msafiri wa mchana mwenye begi moja la mgongoni. Kwa safari ya usiku na masanduku mawili, lipa teksi, ukichangiwa na jamaa ikibidi.

Wasafiri wa kutoka Mombasa, Voi au Mtito Andei wana reli ya SGR. Kituo chake kikuu cha Nairobi kiko Syokimau, karibu na uwanja kuliko mjini, kwa hivyo hakuna haja ya kupanda treni ya kuunganisha hadi stesheni ya Railways mjini halafu urudi ulikotoka. Chukua teksi hapohapo kituoni. Acha nafasi ya kutosha, kwa sababu treni ikichelewa ndege haitakusubiri.

Hatua ya 4: Lango la nje

Wengi hawalihesabu lango hili kwenye muda wao. Kabla ya kufika kwenye terminali yoyote, magari hupitia kituo cha ukaguzi. Kwa kawaida abiria wote hushuka, hupita kwa miguu kwenye mashine pamoja na mikoba yao ya mkononi, na gari hukaguliwa likiwa na dereva peke yake. Mnakutana tena upande wa pili. Jiji lililopitia bomu la ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998 haliwezi kulaumiwa kwa kukagua magari.

Kwa hivyo wazee na wagonjwa waelezwe mapema kwamba watashuka. Mwenye shida ya kutembea aombewe kiti cha magurudumu kwa shirika la ndege angalau siku mbili kabla, na hapo langoni mwambie askari kwa heshima: "Afande, huyu mama hawezi kusimama muda mrefu." Kumbukeni pia mlishuka kutoka gari gani. Usiku Probox nyeupe zinafanana sana.

Nikijumlisha: kwa safari ya kimataifa uwe mbele ya terminali saa tatu kabla ya ndege kuondoka, na kwa safari ya ndani saa mbili. Muda wa barabara na lango uhesabu kando, juu ya hizo.

Hatua ya 5: Mlangoni na ndani

Wasindikizaji huishia nje. Kila anayeingia huonyesha tiketi na pasipoti au kitambulisho, kisha mizigo yake yote hupita kwenye mashine, na mara nyingi viatu na mshipi huvuliwa. Vaa viatu visivyo na kamba nyingi.

Kuhusu maagano nina maoni yangu. Familia zetu husindikiza kwa wingi: shangazi, wajomba, mchungaji, watoto wenye sare za shule. Ni desturi nzuri na siwezi kumwambia yeyote aiache. Lakini sala na picha vifanyike nyumbani, au kwenye maegesho, kwa sababu kando ya barabara ya terminali askari watawafukuza, na msafiri anaingia ndani akiwa amechanganyikiwa. Mkiegesha gari, lipieni maegesho kwa M-Pesa kabla ya kurudi garini ili msikwame kwenye kizuizi cha kutokea. Na msiondoke upesi. Kaeni hadi msafiri apige simu kuwa amepita kaunta na mizigo imekubaliwa. Sanduku likizidi uzito, nyinyi ndio mtakaorudi nyumbani na zile kilo tano za unga.

Baada ya kaunta ni dawati la uhamiaji, halafu ukaguzi mwingine, halafu eneo la kusubiri lenye maduka na mikahawa. Bei za huko ndani ni za juu. Kula ushibe nyumbani, na ubebe chupa tupu ya maji. Tazama ubao wa ndege kila baada ya muda, kwani mlango wa kupandia hubadilika. JKIA ina njia moja tu ya kurukia, yenye urefu wa mita 4,117. Iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na ndege nzito huhitaji mwendo mrefu ili ipae, ndiyo maana imekuwa ndefu hivyo. Lakini kwa kuwa ni moja, ndege ikiharibika juu yake zote husubiri. Ukiona ucheleweshaji usiondoke mlangoni pako, kwani njia ikifunguliwa watu huitwa haraka.

Ukipata kiti cha dirishani safari ya mchana, angalia upande wa mbuga. Ilianzishwa mwaka 1946, na ni ng'ambo tu ya Barabara ya Mombasa.

Kumpokea anayerudi

Ndege ikitua saa mbili usiku, mtu wako hatoki saa mbili usiku. Kuna uhamiaji, mizigo na forodha. Dakika arobaini ni bahati, saa moja ni kawaida. Muulize kabla hajapanda kule aliko atashukia terminali gani, kisha mkubaliane mahali penye alama inayoonekana. "Nitakuwa nje" haitoshi, kwa sababu 1A na 1E zote zina nje.

Mgeni asiye Mkenya ajue kwamba tangu Januari 2024 viza ilibadilishwa na kibali cha kielektroniki ambacho wageni wengi hutakiwa kukiomba mtandaoni kabla ya safari. Asije akitegemea kulipia mlangoni. Teksi za programu kama Uber, Bolt na Little zinapatikana, ila dereva huenda akakuomba utembee hadi maegesho. Anayekufuata kwa maneno matamu mlangoni na kushika sanduku lako kabla hujakubali, mwambie asante na uendelee kutembea.

Ukiwa na ndege ya pili, Wilson

Watalii wanaokwenda Maasai Mara, na wenyeji wa Lodwar, Wajir au Lamu, mara nyingi huondokea Wilson, uwanja mdogo ulio Barabara ya Lang'ata. Ni mkongwe kuliko JKIA: ulitokana na shirika la Wilson Airways la Florence Kerr Wilson lililoanzishwa mwaka 1929, na hadi leo ndiko madaktari warukao wa AMREF wanakoondokea kwenda kuokoa wagonjwa. Hakuna basi la moja kwa moja la kuunganisha viwanja hivi viwili. Chukua teksi kupitia Southern Bypass au barabara ya juu, na uweke angalau saa nne kati ya kutua JKIA na kuruka Wilson. Ndege za Wilson ni ndogo na mashirika mengi huruhusu kilo 15 tu, tena kwenye begi laini linalokunjika. Sanduku gumu la magurudumu ulilotoka nalo Ulaya linaweza kukataliwa, kwa hivyo uliza shirika lako kabla hujaanza kufunga mzigo.